Wafilipi Walituma Fedha, Wakamtuma na Epafrodito

Siku hizi taarifa ya msiba hufika kabla ya jua kuchomoza, kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. "Wapendwa, kwa masikitiko makubwa..." Ikifika saa mbili asubuhi kundi limejaa. Poleni sana. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Raha ya milele umpe ee Bwana. Chini yake emoji za mikono iliyounganishwa, tatu tatu. Sasa nenda nyumbani kwa wafiwa saa nne. Turubai limesimama upande mmoja, upande wa pili umelala chini kwa sababu wanaume waliopo hawatoshi kuvuta kamba. Viti vya kukodi vimeshushwa na bado vimebebana ukutani. Uani kina mama wawili wanachambua mchele utakaoliwa na watu mia, na mmoja wao ni jirani Mwislamu ambaye hayumo hata kwenye hilo kundi. Wengi wa walioandika pole watakuja siku ya kuzika, hilo nalijua. Lakini zile saa za kwanza, ambapo mfiwa hajui hata sufuria kubwa ataiazima wapi, wamemwachia majirani.

Mahubiri mengi ninayoyasikia kuhusu simu hulalamikia muda: vijana wanashinda mtandaoni, wazazi hawaongei na watoto, watu wanachati wakati wa ibada. Yote hayo ni kweli, na bado naona tunapiga pembeni ya jambo lenyewe. Kilicho kizito zaidi ni kwamba simu imetupa namna ya kujisikia tumemaliza wajibu. Mtu ameandika pole, moyo wake umetulia, na ule msukumo ambao zamani ungemwinua kitini akatafuta viatu umekwisha kazi yake. Huruma aliyonayo ni ya kweli kabisa. Imeishia kidoleni tu.

Ndiyo maana sina hamu na ule mjadala wa saa ngapi mtandaoni na saa ngapi ana kwa ana, kana kwamba Mkristo akigawa siku yake vizuri mambo yatakuwa sawa. Kuna kazi za Kikristo ambazo ujumbe unaweza kuzianzisha lakini hauwezi kuzikamilisha. Kanisa lingetusaidia zaidi kama lingezitaja kazi hizo moja moja, likatuambia wazi: hapa simu inatosha, na hapa haitoshi hata ukiandika kurasa kumi.

Nianze na mahali inapotosha, maana kuna watu wataumizwa na makala kama hii wasipotajwa. Saudi Arabia hakuna jengo la kanisa, na ibada ya Kikristo ya hadharani hairuhusiwi. Wako huko maelfu ya dada zetu kutoka Kenya, Uganda na nchi nyingine za huku wanaofanya kazi za ndani, wengi wakiishi ndani ya nyumba za waajiri. Dada anayefunga mlango wa chumba chake usiku baada ya kuosha vyombo vya mwisho, akavaa spika za masikioni, akafuata sala za watu wa kwao, hana benchi jingine la kukalia duniani isipokuwa hilo. Asije mtu akamwambia kwamba ibada yake ni pungufu. Ndivyo ilivyo kwa muuguzi wa zamu ya usiku, kwa mlinzi wa getini, kwa mama anayemuuguza mwenzi wake aliyepooza. Kabla ya simu janja, redio ndiyo iliyoingia vyumbani mwa watu hawa; Radio Maria imesikika Tanzania tangu 1996, na ziko nyumba ambazo bibi asiyeweza tena kutembea amesali rozari kwa redio miaka mingi, na sala yake imezibeba familia.

Kisha ukaja mwaka 2020. Hapa Tanzania makanisa yalibaki wazi, lakini Kenya, Uganda na Rwanda milango ilifungwa Machi. Kenya ilipoifungua tena Julai, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada isizidi saa moja, na wenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Fikiria sharti hilo la mwisho kwa makini. Wazee wa kanisa, wale wanaojua nyimbo zote kwa moyo na ambao simu zao mara nyingi ni za kupiga na kupokea tu, ndio walioambiwa wafuate ibada kwenye simu. Sababu ilikuwa ya kiafya na ilieleweka. Lakini ilituonyesha mapema nani huachwa nyuma kanisa linapohamia kwenye kioo. Nitalirudia jambo hilo, maana halikuisha na ugonjwa.

Mawasiliano ya mbali si mageni kwa Wakristo. Kati ya vitabu 27 vya Agano Jipya, 21 ni nyaraka. Imani hii ilisafiri kwa barua, na Paulo aliitumia barua kwa ufundi kuliko mtu yeyote wa wakati wake. Mtu angetegemea basi kwamba Paulo angeridhika na barua. Ukizisoma kwa utulivu unakuta kinyume chake. Anawaambia Warumi kwamba anatamani sana kuwaona. Anawaambia Wathesalonike kwamba ametengwa nao kwa uso tu, si kwa moyo, na kwamba amejaribu kwenda kwao zaidi ya mara moja akazuiwa. Aliposhindwa kuvumilia alimtuma Timotheo. Akiwa mfungwa anamwandikia huyo Timotheo ajitahidi kuja upesi, amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, na aje kabla ya majira ya baridi. Yohana naye, katika waraka wake wa pili, anasema ana mengi ya kuandika ila hataki kuyamaliza kwa karatasi na wino. Anatumaini kufika wakaongee, furaha yao ikamilike. Watu hawa hawakudharau chombo walichokuwa nacho. Walijua tu kimefika wapi na kimeishia wapi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule wa Wafilipi, kwa sababu unafanana sana na maisha yetu ya leo. Kanisa la Filipi lilisikia kwamba Paulo yuko kifungoni na ana uhitaji. Wakachanga. Mchango ule tungeuita leo wa kutuma kwa simu, maana lengo lilikuwa fedha na vitu vimfikie mtu aliye mbali. Lakini Wafilipi walimtuma Epafrodito aubebe, na hawakumtuma kama tarishi wa kukabidhi na kurudi. Alitumwa akae, amhudumie Paulo kwa niaba yao. Njiani au huko huko akaugua, akakaribia kufa. Habari za ugonjwa wake zikarudi Filipi, naye akahuzunika kwa kuwa wenzake wamesikia kwamba yu mgonjwa. Soma sura ya pili na ya nne ya waraka huo uone Paulo anavyowashukuru: anashukuru kwa mchango, ndiyo, lakini kwa Epafrodito anatafuta maneno, anamwita ndugu, mtenda kazi pamoja naye, askari mwenzake, na anawaagiza wampokee kwa furaha yote. Kilichotoka Filipi kilikuwa mtu.

Sisi tuna M-Pesa tangu 2007 Kenya na 2008 Tanzania, na nasema kwa dhati kwamba huduma za kutuma fedha kwa simu zimefanya kazi ya huruma ambayo wazee wetu wasingeweza kuiota. Mgonjwa amelazwa usiku, dawa inahitajika, na mtoto aliye Mwanza anailipia kabla ya asubuhi. Rambirambi inafika kutoka Minnesota, Marekani, wakati jeneza bado linatengenezwa. Tusilitupe hilo. Kinachonihuzunisha ni pale mtu aliye mtaa wa pili, mwenye miguu mizima na siku ya mapumziko, anapotuma elfu kumi na kuhesabu kwamba amekwenda. Fedha imefika kweli. Epafrodito amebaki nyumbani.

Na ni kwa mgonjwa ndipo hasara inapoonekana vizuri zaidi. Mwulize mgonjwa kwa ujumbe anaendeleaje, atakujibu: "Naendelea vizuri, Mungu ni mwema." Atajibu hivyo hata akiwa na homa, kwa sababu ni jibu la adabu, na kwa sababu hakuna mtu anayeandika kwenye simu kwamba unga umeisha. Ingia ndani uketi dakika ishirini. Utaona jiko halijawashwa tangu jana. Utaona pakiti ya dawa za siku saba iliyonunuliwa nusu. Utamwona mtoto wa darasa la tano yuko nyumbani siku ya shule, na utajua ni nani anayechota maji. Hakuna aliyekuambia lolote; umeona. Bwana Yesu alipoeleza hukumu ya mwisho alisema, "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama." Yakobo anapoagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa, anasema wamwombee na kumpaka mafuta, na mafuta hayapakwi bila mkono kugusa paji la uso. Ni kweli, Bwana alimponya mtumishi wa yule akida kwa neno tu, bila kufika nyumbani kwake. Lakini Injili hiyo hiyo inatuonyesha mara baada ya hapo anaingia nyumbani kwa Petro, anamgusa mkono mkwewe, homa inamwacha. Yeye aliweza kuponya kwa mbali, na bado aliingia majumbani mwa watu.

Kazi ya pili isiyomalizika kwa simu ni kuonyana na kupatana. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu nimeona jumuiya zikivunjika kwa jambo hili, na sidhani viongozi wetu wanalichukulia kwa uzito unaostahili.

Ugomvi huanza hivi. Saa nne usiku mtu anaandika kwenye kundi: "Naomba mweka hazina atufafanulie ile hela ya mfuko wa wagonjwa." Swali ni halali. Lakini limeulizwa mbele ya watu sitini, usiku, bila sauti ya muulizaji kusikika, na mweka hazina analisoma kama tuhuma. Anajibu kwa ukali. Wa tatu anaingia kutuliza, wa nne anaweka emoji ya kicheko. Kufika asubuhi skrinishoti iko kwenye kundi la kwaya, halafu kwenye kundi la kina mama wa parokia nzima. Katikati ya kioo unatokea ule mstari mdogo wa kijivu unaosema kwamba fulani ameondoka. Basi. Katika jumuiya ya kukaa kwenye mikeka na viti vya plastiki, mtu akiinuka kwa hasira kuna mzee atakayemfuata hadi getini, amshike bega, amwambie mwanangu rudi tuongee. Mstari wa kijivu haufuatwi na mtu. Ujumbe unaofuata ni tangazo la mazoezi ya kwaya.

Agizo la Bwana katika Mathayo 18 liko wazi kupita kiasi: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo." Kuna kwenda, na kuna kuwa wawili tu. Kundi la WhatsApp linayaondoa yote mawili kwa mkupuo mmoja: huendi popote, na hamko peke yenu kamwe. Hata ujumbe wa faragha hautoshi. "Samahani kama nilikukwaza" ni maneno ambayo mtu anaweza kuyaandika akiwa bado na kinyongo kamili, na yule anayeyapokea anaweza kuyaacha na tiki mbili za bluu bila kujibu, ukazaliwa ugomvi wa pili juu ya ule wa kwanza.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu kubwa ya jambo hili, na inanishangaza jinsi tunavyoisahau. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika mpaka Bukoba, haukuwa na chombo chochote cha mawasiliano cha kujivunia. Nguvu yake ilikuwa mikutano midogo ya ndugu walioketi pamoja na kuungama makosa yao kwa majina. Waliita kutembea nuruni. Watu walirudisha vitu walivyoiba, wakaenda wenyewe kwa waliowakosea. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi huko Uganda, alisimulia jinsi baada ya kuokoka alivyosukumwa rohoni kwenda kwa Mzungu mmoja ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Alipanda baiskeli, akaendesha maili zipatazo 50, akabisha hodi, akamwambia kwamba alimchukia na kwamba sasa ni ndugu yake. Angeweza kuandika barua, maana alikuwa mwalimu na kalamu ilikuwa kazi yake. Lakini yule Mzungu alipofungua mlango alimwona mtu aliyechoka, mwenye vumbi, aliyetumia siku yake nzima kuja kusema neno moja, na mwili ule uliochoka ulikuwa umeshasema nusu ya msamaha. Hiyo ndiyo sababu safari ina maana. Msamaha una gharama, na anayeombwa anapaswa kuiona imelipwa.

Kwa Wakatoliki wa ukanda huu, uamuzi wa mwaka 1976 wa maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliokutana Nairobi wakaweka kipaumbele kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ulitokana na fikra iliyo karibu na hiyo: kanisa liwe dogo kiasi cha watu kujuana majumbani. Walutheri wetu nao wana ibada za jumuiya nyumba kwa nyumba. Tulijenga kitu ambacho Wakristo wa nchi nyingi hawana, nyumba chache za jirani zinazosali pamoja kila wiki, zinazojua nani amejifungua na nani amefukuzwa kazi. Kisha, katika miaka kama kumi hivi, tumekihamishia kwenye simu bila kikao chochote cha kuamua. Hakuna halmashauri ya parokia niliyoisikia ikijadili kipi kihamie na kipi kibaki. Kundi lilifunguliwa kurahisisha matangazo, na taratibu likawa jumuiya yenyewe.

Angalia orodha ya michango. Kila aliye kwenye kundi anaijua: kichwa cha habari kwa herufi kubwa, halafu namba. 1. Mama Fulani 20,000. 2. Baba Fulani 10,000. 3. Familia ya Mzee Fulani 50,000. Halafu 4, 5, 6, 7, mpaka 30, zikiwa tupu, zinasubiri. Kila anayetoa anainakili, anajaza jina lake na kuirusha tena, kwa hiyo orodha inapita machoni pa wote mara ishirini kwa siku. Asiye na kitu haandikwi popote, na kutoandikwa kwake kunasomeka. Najua orodha ilianzishwa kwa nia njema ya uwazi, na fedha za jumuiya zimeliwa mara nyingi kiasi kwamba uwazi ni lazima. Lakini Bwana alisema hata mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, na sisi tumewapa watu sitini kazi ya kuangalia mikono yote. Mjane aliyekuja na sarafu zake kwenye kikapu cha jumuiya alikuwa huru kuliko mjane wa leo mbele ya namba 17 iliyo wazi. Kiasi kingeweza kwenda kwa mweka hazina na mtu wa pili wa kushuhudia, kisha kundi likaambiwa jumla. Uwazi unabaki, aibu inaondoka.

Mjane huyo, hata hivyo, mara nyingi hayumo kwenye kundi kabisa. Hapa narudi kwa wale waliobaki nyumbani mwaka 2020. Nguzo za jumuiya nyingi ninazozijua ni kina mama wa umri mkubwa wenye simu za kitochi. Ndio wanaofika wa kwanza, ndio wanaoanzisha wimbo. Sala ikihamishwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine, au kutoka Jumamosi kwenda Jumapili jioni, tangazo hutumwa kwenye kundi saa tatu usiku na wote tunaona limefika. Yeye anaondoka nyumbani Jumamosi alfajiri na kitenge chake na kitabu cha nyimbo, anakuta geti limefungwa. Mara ya kwanza anarudi na kuuliza. Mara ya tatu haulizi tena. Na mwaka ukiisha, jina lake linaposomwa kwamba mahudhurio yake yamepungua, hakuna anayekumbuka lile geti.

Jambo hili limewahi kutokea kanisani, na Matendo ya Mitume sura ya 6 inalisimulia bila kuficha: wajane wa Wayahudi wenye lugha ya Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Hakuna aliyewachukia wajane wale. Kanisa lilikuwa limekua haraka, utaratibu ukawapita. Mitume hawakuhubiri kuhusu umuhimu wa upendo. Walichagua watu saba, majina yao tunayo, wakiwemo Stefano na Filipo, wakawakabidhi kazi.

Kuhusu ibada za mubashara sina mengi, maana mengi yameshasemwa. Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitamka tangu Februari 2002, kabla hata ya WhatsApp na YouTube kuwepo, kwamba kwenye intaneti hakuna sakramenti. Wakristo wa madhehebu mengine wana mafundisho tofauti juu ya meza ya Bwana, lakini sijakutana na mchungaji anayebatiza kwa simu. Ninachotaka kuongeza ni kimoja. Yuko Mkristo anayemfuata mhubiri wa mji mwingine au nchi nyingine kila siku, anatuma fungu la kumi kwake kwa namba ya malipo, anaguswa kweli na mahubiri yake. Mhubiri huyo hajui jina lake. Siku mtu huyu akifariki, familia inakwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya ya mtaani, na mwenyekiti anaulizwa na padre au mchungaji lile swali linaloogopwa: alikuwa anasali jumuiya? Nimesikia mabishano ya uchungu kwenye misiba kuhusu swali hili, na sifurahii kanisa linapolitumia kama fimbo juu ya maiti. Lakini swali lenyewe lina ukweli ndani yake. Wanaochimba kaburi ni watu wa mtaani. Mtu alipaswa kuwafahamu wakati bado ana nguvu za kuwachimbia wao.

Na ieleweke kwamba aliyeacha jumuiya na kubaki na mhubiri wa simu si lazima awe mvivu. Wengi waliumizwa. Kwenye jumuiya walisengenywa, walihukumiwa kwa ndoa zilizovunjika, walikadiriwa kwa michango. Kwenye simu hakuna anayewauliza. Kama tunataka warudi, nyumba tunazowaitia lazima ziwe salama kuliko kioo, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kumlaumu YouTube.

Basi ningependa kuona nini? Ningependa kila kundi la jumuiya libaki la matangazo na maombi mafupi, na mwenyekiti awe na ujasiri wa kuandika, mara swali la lawama linapoanza, "tutalizungumza Jumamosi," kisha asubuhi aende mwenyewe kwa mweka hazina na kwa muulizaji. Ningependa vijana wenye simu janja wapewe kila mmoja nyumba mbili au tatu za wazee wenye vitochi, wawapigie au wapite kuwaambia sala iko wapi. Kijana huyo atapata kwa bibi huyo mengi asiyoyapata kwenye simu yake, ila hata asipopata, tangazo litakuwa limefika. Ningependa taarifa ya msiba ikitumwa, chini yake pawe na majina matano ya wanaokwenda sasa hivi na mtu wa kuleta sufuria, ndipo pole zifuate. Walio Saudi na Minnesota waendelee kuandika pole zao ndefu, na zisomwe kwa sauti mbele ya wafiwa, maana kuna faraja katika kusikia kwamba mtu wa mbali amekukumbuka.

Na halmashauri ya parokia au usharika itakapokaa kupitisha bajeti ya mwaka, pale penye fungu la kamera, taa na bando la ibada za mubashara, pawekwe pia fungu la nauli za wanaotembelea wagonjwa, na katibu asome kila robo mwaka ni nyumba ngapi zimetembelewa, kabla hajasoma idadi ya watazamaji.